Nafasi Chini ya Jina

Nairobi,
2 Juni 2025

Kwako Mjomba Charo,

Shikamoo Mjomba. Naomba barua hii ikukute mzima, na ule mgongo wako uwe umetulia. Mimi sijambo. Bado niko pale pale duka la miwani, na wateja ni wale wale wanaotaka miwani isiyoonekana kama miwani. Ken hajambo, naye anakusalimu japo hamjaonana.

Utashangaa kwa nini nimeandika na simu zipo. Simu ya nyumbani ni moja, anayeishika ni Mama, na hili sitaki Mama alijue kwa sasa. Ndiyo maana nimeituma kwa basi. Bonface wa ofisi ya vifurushi atakupa mkononi, na wewe ukijibu mwachie yeye.

Mjomba, mimi na Ken tunafunga ndoa kanisani Jumamosi tarehe 13 Desemba, hapa Nairobi. Mahari alipokea baba mkubwa Kitsao nyumbani kwake Athi River. Mambo yalikwenda haraka, msinihesabie kosa. Mama nitamwambia mwenyewe wakati ukifika.

Ombi langu ni hili. Nataka unichoree picha ya Mama kwa rangi za mafuta. Ndani ya bahasha kuna picha aliyopigwa mwaka 2012, siku ya kipaimara changu. Mchore kama alivyo hapo, usiongeze na usipunguze. Upana uwe sentimita sitini na urefu themanini, iweze kusimama kwenye kiti bila kuanguka. Chini uandike jina lake kwa ule mwandiko wako wa milango ya malori, na chini ya jina uache nafasi kama nilivyochora kwenye kikaratasi. Rangi nimekununulia mwenyewe, ziko kwenye sanduku linalofuatana na barua.

Ni zawadi, Mjomba. Usimwambie.

Mpwa wako,
Stacy

*

Kibokoni, Mombasa
19 Juni 2025

Mpwangu Stacy,

Marahaba, mwanangu. Mgongo wangu haujatulia wala hauna nia hiyo, lakini mkono bado unapiga mstari ulionyooka, na huo ndio unaonilisha. Huku Shimanzi wenye malori wamegundua vibandiko vya kompyuta. Wanabandika jina la kampuni mlangoni, jua la saa nane linalikunja, na wiki ya pili wananiita, "Mzee Charo, njoo na brashi." Nawacheka kwanza, kisha naandika. Mwenye nyumba wetu Bi Maisara anakusalimu. Amepaka chokaa mpya ukuta wa ngazi na ametupiga marufuku kuuegemea. Mama yako mzima. Asubuhi yuko Feri, pale kivukoni, na beseni lake la krispi za muhogo, alasiri karudi. Ameniuliza mbona hupigi simu. Nimemwambia kazi zimekuzidi. Huo ni uongo wangu wa kwanza kwa ajili yako na sikuupenda.

Hongera kwa harusi. Lakini mahari ya binti wa dadangu ipokelewe Athi River, na mimi nisikie kwa bahasha ya basi? Hilo tutalizungumza tukionana, na tutalizungumza kwa sauti.

Sanduku nimelipata. Tyubu ishirini na nne! Nimezipanga mezani nikazisoma moja moja. Moja imeandikwa kwamba ni rangi ya ngozi. Nikaifungua. Stacy, ilitoka kitu cha waridi kama dawa ya kusukutua. Ngozi ya nani hiyo? Nilijipaka mkononi nikamwita Bi Maisara aje atazame. Alicheka mpaka akaegemea chokaa yake mwenyewe.

Kwa hiyo nimechukua nne tu: nyeupe, nyeusi, manjano ya udongo na nyekundu. Zilizobaki nimezirudisha sandukuni nikalifunga kwa kamba. Mzee Morgan, fundi aliyenifundisha, alikuwa na makopo manne, na kwa hayo aliandika nusu ya malori yaliyotoka Shimanzi kwenda bara. Vibao vya vinyozi pia, na nyuso za watu zikajulikana. Alikuwa akisema ukiwa na makopo manne lazima uchanganye, na ukitaka kuchanganya lazima utazame kwanza. Buluu haimo. Usiniombe buluu.

Sasa swali la fundi. Kwenye kikaratasi chako kuna jina, na chini yake nafasi tupu ya vidole vitatu. Kitaandikwa nini hapo? Mimi sigawi nafasi bila kujua maneno. Nahesabu herufi kwanza, ndipo napiga mstari wa chaki. Niambie maneno nami nitayapima.

Mjomba wako,
Charo

*

Nairobi,
14 Julai 2025

Mjomba Charo,

Shikamoo. Nimecheka habari ya Bi Maisara, mpe salamu zangu nyingi. Huku baridi ya Julai imetukamata, asubuhi navaa soksi mbili. Mama yake Ken, Mama Zilpah, amenifumia sweta. Ni mama mwema sana, Mjomba. Naye alifiwa na mamake akiwa mdogo, kwa hiyo tunaelewana.

Kuhusu rangi, mimi si fundi, lakini nilinunua ishirini na nne ili uzitumie. Gauni la Mama kwenye ile picha ni la buluu, wewe mwenyewe unaliona. Sasa bila buluu litakuwaje? Tafadhali usifanye ubishi wako wa Shimanzi kwenye jambo langu hili moja. Nataka picha nzuri, yenye sura safi, ya kuwekwa mbele ya watu.

Ile nafasi iache tu. Nitajua mwenyewe cha kuweka.

Ukimaliza niambie, Ken ana rafiki mwenye gari ataichukua.

Stacy

*

Kibokoni, Mombasa
9 Agosti 2025

Mpwangu Stacy,

Marahaba. Sweta zuri ni neema, mshukuru Mama Zilpah kwa niaba yetu. Hapa tu wazima. Bomba la maji limekauka siku nne, tunanunua ya mkokoteni. Mama yako alikuwa na homa kidogo, sasa imemwachia. Ulimpigia simu tarehe mbili? Anasema iliita mara moja ikanyamaza. Nimemwambia huenda ulibonyeza kwa bahati mbaya.

Kazi iko hivi. Turubai nimekata kwa washonaji wa maturubai ya malori, lile zito la pamba, nikalikaza kwenye fremu ya mbao na kulipaka gundi. Rangi ya lori inakauka kutwa moja. Hii yako ya mafuta inakaa mbichi wiki nzima, unaigusa inakurudishia kidole. Mwanzo niliichukia. Sasa naipenda, maana inakuruhusu kubadili mawazo.

Lakini picha yako ya kipaimara imenishinda, naisema wazi. Nimeigeuza juu chini, nimeitazama kwa kioo, bure. Taa ya kamera imempiga usoni mpaka pua imelala na shavu limetoweka. Mara mbili nilichora mwanamke, na mara mbili akawa mwanamke mwingine. Nikafuta kwa tapentaini.

Basi nikamwambia mama yako nataka kujizoeza rangi za mafuta, aje akae dirishani kila Jumapili akitoka kanisani. Huo ni uongo wa pili. Akaniuliza, "Nijifunike?" Nikamuuliza ajifunike nini. Akashusha leso mabegani, akaketi.

Stacy, miaka yote hii namwona kila siku na sikuwahi kumtazama. Ile mbalanga ilianza 2013 pembeni mwa mdomo, unakumbuka, tukadhani ni chumvi ya bahari. Sasa mabaka yamezunguka macho yote mawili, yameshuka shavu la kushoto mpaka shingoni, na mikono yake ni nusu kwa nusu. Nilidhani nitayapaka nyeupe nimalize. Nikapaka, ikasimama usoni kama ukuta wa Bi Maisara. Nikafuta. Ukitazama sawasawa, baka lina manjano, kwa chini lina wekundu wa damu, na upande wa kivuli lina kijivu. Nayo ngozi yake nyeusi ni hizo hizo: nyekundu, manjano, nyeusi, na tone la nyeupe pale paji la uso linapopata mwanga. Rangi ni zile zile nne, kipimo tu ndicho kinachobadilika. Nilipoona hivyo nilipiga meza kwa furaha, na nyekundu ikaruka kwenye shuka. Nimeshagombezwa.

Na buluu yako ipo. Leso yake ina pindo la buluu. Nimechanganya nyeusi na nyeupe, nikaiweka kando ya ngozi yenye wekundu, ikageuka buluu hapo hapo. Mama yako aliinuka kitini akaja kupekua meza. "Charo, tyubu ya buluu umeificha wapi?"

Kuna jambo hulijui kwa sababu hukuuliza. Pale Feri wako wanaotaka krispi zake ila hawautaki mkono wake. Mwaka jana mtu mmoja alimwambia mbele ya foleni nzima atumie koleo. Mama yako akanunua koleo. Anayetaka koleo anapewa kwa koleo, na anatazamwa machoni mpaka aondoke. Lakini hakuhamia pembeni. Yuko pale pale langoni wanapotokea watu wa Likoni, mahali anapoonekana na kila mtu. Mwanamke huyu ndiye ninayemchora, mwanangu, yule wa 2012 sinaye.

Nakuuliza mara ya pili: kitaandikwa nini chini ya jina? Na kiti ni kiti gani?

Mjomba wako,
Charo

*

Nairobi,
1 Septemba 2025

Mjomba,

Nimesoma barua yako kazini na nimeshindwa kufanya kazi siku nzima. Nilikuomba picha moja, ya mwaka 2012. Sikukuomba umkalishe Mama dirishani. Sikukuomba unieleze habari za Feri.

Kama huwezi kuchora kutoka kwenye ile picha, basi nirudishie picha na rangi zangu, nitatafuta mtu wa kuichora huku.

Stacy

*

Kibokoni, Mombasa
6 Oktoba 2025

Stacy,

Barua yako haikuwa na salamu. Mimi nitakusalimu, kwa sababu nilikubeba mgongoni kuanzia hapa Kibokoni mpaka hospitali ulipoungua na uji, na mtu niliyembeba siwezi kumwandikia kama karani wa bandari. Hujambo? Sisi hatujambo. Bi Maisara amepata mjukuu wa kike. Mama yako amepeleka krispi na leso mpya, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpakata mtoto baada ya nyanya. Bi Maisara mwenyewe alimwekea mikononi.

Nimekaa mwezi mzima sijakujibu. Nilikuwa napima.

Wewe unanijua kwa malori. Lakini mimi naandika na misalaba, tangu hujazaliwa. Mafundi wa Shimanzi wakifiwa wananiletea mbao nami nawaandikia bila kuwadai kitu. Jina linakaa katikati. Chini yake unaacha vidole vitatu. Hapo panaingia miaka miwili na kistari kati yake. Nafasi hiyo naijua hata nikifumba macho, na ndiyo uliyonichorea kwenye kikaratasi chako mwezi wa sita. Niliiona siku ile ile. Nikajiambia, Charo, wewe mzee una wazimu, mtoto hajui vipimo.

Kisha nikaweka kando yake mengine. Picha ya kusimama kwenye kiti, mbele ya watu. Mahari ya Athi River. Mama asijue. Mama Zilpah aliyefiwa na mamake, "kwa hiyo tunaelewana." Mnaelewana kwa lipi, Stacy? Nimewahi kuona harusi ambapo kiti cha mbele kimewekwa picha na maua, cha mzazi aliyetangulia. Watu wanapita wanakiinamia.

Umewaambia watu wale kwamba mama yako amekufa.

Kama nimekosea, niandikie nami nitakuomba radhi kwa magoti, na mgongo wangu unaujua. Kama sikukosea, sikiliza. Mwaka wa pili siuandiki. Na hutapata mtu mwingine wa kuuandika, kwa sababu picha hii haitoki humu ndani. Aje huyo rafiki wa Ken na gari lake, aje na lori la tani kumi akitaka, nitakaa mlangoni. Rangi zako ishirini ziko sandukuni na kamba yake, hazijaguswa, chukua. Hizi nne sirudishi.

Nimekasirika mpaka nashindwa kula. Sijamwambia. Hilo ni lako la kusema, na una muda mpaka mwisho wa Novemba.

Charo

*

Nairobi,
10 Novemba 2025

Mjomba wangu Charo,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimejifungia chumba cha stoo cha duka. Hongera kwa Bi Maisara, Mungu amkuze mtoto.

Hukukosea.

Nilikuwa kidato cha tatu siku Mama alipokuja kunitembelea shuleni na mabaka mapya usoni. Alibeba mahamri na mbaazi kwenye ile sufuria ya kijani, ameifunga na leso. Wasichana walikuwa wakigawana vyakula vya kila mzazi. Vya Mama hawakugusa hata mmoja. Mwenzangu wa kitanda akaniuliza, "Yule ni nani?" Nikasema ni jirani yetu. Mama alikuwa nyuma yangu, hatua mbili. Mpaka leo sijui kama alisikia. Mimi nami nikasema nimeshiba, na akarudi na sufuria yake kama alivyokuja nayo. Siku ile sikuwa nimekula tangu alfajiri.

Nilipokutana na Ken aliniuliza kuhusu wazazi. Baba alikuwa ameshafariki, hilo ni kweli. Nikasema wote wawili. Lilitoka tu, Mjomba, kabla sijalifikiria. Nilidhani ni mtu wa mwezi mmoja, ningeachana naye na uongo wangu uishie hapo. Kumbe ni mtu wa maisha. Mama Zilpah alipoambiwa kwamba sina wazazi alinikumbatia akalia, na wazo la kiti ni lake. Ningemwambiaje? Baba mkubwa Kitsao alijua, akanyamaza, si unajua hawajasemezana na Mama tangu matanga ya Baba.

Juzi nimemwambia Ken. Hakunipigia kelele. Alitoka nje akakaa kwenye gari saa nzima, aliporudi akaniuliza, "Mama yako anaitwa nani?" Nikamwambia Kanze. Akasema jina hilo mara mbili tatu, kama mtu anayejifunza.

Lakini Mama Zilpah hajui, na kadi zimeshatoka, na kiti kimeandikwa kwenye ratiba ya kanisa. Mjomba, nimefikiria njia. Mama aje. Nitamtumia gauni na ile poda nzito ya kufunika ngozi, kuna dada hapa anaijua kuipaka. Aje kama mama mdogo, dada yake marehemu. Picha ya 2012 ikae kwenye kiti, na yeye akae safu ya tatu na baba mkubwa. Baada ya harusi, polepole, nitawaeleza wote. Nakuapia.

Nisaidie kumwambia. Mimi nikisikia sauti yake tu nakata simu. Ile ya Agosti ilikuwa hivyo.

Mtoto wenu,
Stacy

*

Kibokoni, Mombasa
1 Desemba 2025

Mpwangu Stacy,

Marahaba. Hapa hatujambo. Mvua za vuli zimeosha ngazi na Bi Maisara anaulaani mwaka mzima kwa ajili ya chokaa yake. Mjukuu wake anacheka sasa.

Ngoja nikueleze barua yako ilivyofika. Bonface alikuwa na wagonjwa nyumbani, ofisini kamwacha kijana mgeni wa kazi, na huyo alipomwona mama yako anapita na beseni akamwita, "Mama Stacy, kuna barua ya kwenu." Mama yako akaniletea jioni ile ile, akaiweka mezani kando ya brashi, akaenda kumenya mihogo. Nikaisoma. Nikaificha chini ya godoro, nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia. Jumapili akaja akaketi dirishani kama kawaida. Jumapili ya pili akaketi. Nikaona sura imebadilika, kidevu kimepanda, nikadhani ni uchovu, na kwa kuwa fundi anachora anachokiona, nikabadilisha. Ilinichukua wiki mbili nzima kuitoa tena ile bahasha na kuitazama vizuri. Ilikuwa imefunguliwa ikabandikwa upya, na gundi yake haikuwa ya dukani. Ilikuwa ni wanga wa muhogo.

Kwa hiyo alijua, akanikalia Jumapili mbili hajasema kitu, na mimi namchora.

Jana nilimwambia, "Kanze, bahasha nimeiona." Akasema, "Na mimi nilikuwa nangoja uione." Kisha alilia. Usidhani hakulia, alilia mpaka Bi Maisara akapanda ngazi. Hatukumweleza, lakini kwenye nyumba hii hakuna siri inayopita mlango wake. Alisimama mbele ya turubai, akamtazama mama yako, akaitazama picha, akarudia mara mbili. "Yeo ndiyo umemuona nduguyo, Charo," akaniambia, akashuka.

Mama yako alipojifuta macho alisema mambo manne, na ameniamuru niyaandike kama alivyoyasema.

"Mwambie siku ile ya shule nilisikia. Mwambie mbaazi nilizila mwenyewe kwenye basi, zote, kwa sababu zilikuwa nzuri.

"Mwambie mama yetu alizaa wawili, mimi na wewe. Mimi sina dada. Huyo mama mdogo wa safu ya tatu amtafute kwingine.

"Mwambie poda aipake yeye, ndiye bibi harusi.

"Na umwambie sijamwacha. Hilo uliandike kwa herufi kubwa."

SIJAMWACHA.

Picha imekwisha. Imebaki mbichi pale shingoni tu. Ameketi na leso mabegani, uso mzima umo, nyeusi yake na nyeupe yake, na macho yanakutazama vile anavyowatazama watu wa koleo. Nimewahi kuandika milango mamia kwa mamia na sijaweka kitu duniani ninachokipenda kama hiki. Ile nafasi chini ya jina nimeijaza. Lori likiingia barabarani lazima mlango uandikwe jina na chini yake anwani, ili anayelitafuta ajue lilipo. Basi nimepima vidole vitatu, nikapiga mstari wa chaki, na chini ya KANZE nimeandika KIBOKONI, MOMBASA. Imejaa kabisa. Hata nukta haiingii tena.

Picha haiji Nairobi. Ametaka itundikwe Feri, juu ya beseni, na kesho naipigilia msumari nikitazamwa na foleni nzima.

Tunakuja kwa basi la Alhamisi asubuhi, tarehe 11. Mimi nitavaa ile suti ya mazishi ya baba yako, ukicheka nitakuacha altareni. Mwambie Ken atupokee, na ajue kwamba amelitamka jina la mama mkwe wake sawasawa. Mama Zilpah mwambie wewe kabla hatujafika. Usipomwambia, ataliona mwenyewe, na litamuuma zaidi, maana yeye alikulilia kwa machozi ya kweli.

Kiti cha mbele usikiondoe. Ratiba ya kanisa usiibadilishe. Maua kama yameshanunuliwa yaache pale pale, mama yako anayapenda. Ila kusiwekwe chochote juu yake, mwenye kiti atakikalia.

Ameshakaanga krispi ndoo nzima za kumpelekea Mama Zilpah, na anasema atampa kwa mkono wake. Koleo ameliacha Kibokoni.

Mjomba wako,
Charo